Sababu ya Kupima Mizigo ya Ndege

Mtu wa Mbinga au wa Mbamba Bay atakaye kwenda Dar es Salaam kwa ndege husafiri kwanza kwa gari hadi Songea. Kiwanjani mizigo yake hupimwa, ikiwa ni usipa mkavu au kahawa. Wengine hununa, wakidhani mizani ni hila ya kuwatoza fedha tu. Lakini iko sababu kubwa zaidi.

Ndege huinuliwa na hewa ipitayo kwa kasi katika mabawa yake. Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kiko karibu na usawa wa bahari. Songea iko juu zaidi ya meta 1,000, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo ndege itokayo Songea hukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Uzito ukizidi, njia yaweza kwisha nayo haijainuka.

Ndege ya Air Tanzania aina ya Q400 ina viti 76. Kila abiria akificha kilo 5, jumla ni kilo 380, yaani zaidi ya magunia 6 ya kahawa ya kilo 60, nayo rubani hayajui. Basi mizani humlinda mwenye mzigo na wenzake wote.