Meseji Ambayo Ubongo Hauizoei

Msomaji mmoja kutoka Malaba ananiuliza. Mamake ametoka hospitalini baada ya mshtuko wa moyo, ameandikiwa dawa za kumeza kila siku, na yeye mwenyewe anafanya kazi Nairobi. Je, akimtumia meseji kila asubuhi, "Mama, meza dawa," itasaidia?

Meseji husaidia, ila si hiyo ya kila asubuhi.  

Huko Chulaimbo, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, watafiti waliwafuata watu wazima 431 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Chupa za dawa zilikuwa na vifuniko vilivyorekodi kila vilipofunguliwa. Baadhi yao walipata meseji kila siku, wengine mara moja kwa wiki, wengine hawakupata kabisa. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika wiki 48, asilimia 53 ya waliokumbushwa kila wiki walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao. Kwa wasiokumbushwa ilikuwa asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku hawakuwashinda wasiokumbushwa. Dawa hizo si za moyo, lakini kusahau ni kulekule.

Kwa nini wingi haukusaidia? Eric Kandel, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, alipata dokezo la jibu la maswali ya aina hii kwa koa wa baharini aitwaye Aplysia. Ukimgusa mrija wake wa maji, huvuta matamvua ndani upesi. Mguse tena na tena, atayavuta kwa uvivu, mwisho karibu asijali. Ngozi haijafa ganzi wala misuli haijachoka. Kilichobadilika ni pale seli ya neva inayohisi inapokutana na ile inayoamuru misuli: ya kwanza sasa inamwaga kemikali kidogo kuliko mwanzo. Mguso unafika, taarifa inafifia njiani. Kisha mshtue mkiani mara moja tu, na ule mguso wa zamani utamfanya avute matamvua kwa nguvu tena.

Hali hii naiita mzoeo. Neno "uzoefu" tayari lina kazi yake kwenye barua za kuomba ajira, na "mazoea" ni mwenendo mzima wa mtu. Mabadiliko madogo namna hii ndani ya neva yanastahili jina lao.

Mkazi wa Malaba anaujua mzoeo bila kufundishwa. Usiku kucha matrela yanajivuta kwenye foleni ya mpakani, breki za upepo zinapumua, injini zinanguruma karibu na dirisha. Mgeni hapati usingizi. Mwenyeji analala fofofo. Masikio yake yanapokea kila trela, ila ubongo umeshaamua kwamba mlio huo hauna jipya. Lakini mtoto akikohoa chumba cha pili, mwenyeji huyo anaamka mara moja, ingawa kikohozi ni kidogo mno kuliko honi. Hata foleni ikikwama na injini zote zikazimwa, huenda akafumbua macho, kwa sababu kimya nacho ni kigeni. Meseji ya saa moja asubuhi, kila siku, kwa maneno yaleyale, ni trela jingine tu. Ile ya Jumatano jioni inayouliza kama leo mama alitembea hadi sokoni ni kikohozi cha mtoto.

Huko Sydney, kikosi cha Clara Chow kiliwatumia wagonjwa wa moyo meseji nne kwa wiki kwa miezi sita, siku na saa zikibadilishwa bila mpango, maneno yakichaguliwa kumfaa kila mmoja. Wagonjwa walikuwa 710 kwa jumla, nusu wakipata meseji. Kufikia mwisho, namba ya juu ya presha ilikuwa 128 kwa waliotumiwa na 136 kwa wengine; waliokuwa wakivuta sigara walikuwa asilimia 26 dhidi ya 43. Hata hivyo, jaribio kubwa zaidi lililofuata halikuona tofauti katika umezaji wa dawa.

Kwangu, meseji bora zaidi ni ya Kenya. Katika kliniki za Nairobi na Kajiado, wagonjwa wa ukimwi waliulizwa kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48; aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo ya watu 538, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha virusi vimedhibitiwa miongoni mwa asilimia 57 ya walioulizwa, dhidi ya asilimia 48 ya wasioulizwa. Swali linadai jibu, na jibu linamfikia mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, muulize mama mara moja au mbili kwa wiki, badilisha siku na maneno, na akinyamaza, mpigie. Mwambie pia asiache dawa kwa kujihisi nafuu, na kifua kikibana aende hospitalini papo hapo. Kwa kaunti yenu ya Busia ombi langu ni moja: kila kliniki ya presha na moyo ipewe simu, salio, na muuguzi aliyepangiwa saa za kuwapigia wanaojibu "Shida".