Zilizopendwa: Kwa nini vijana huzililia nyimbo za enzi za wazazi wao

KATIKA harusi nyingi, za mjini na za mashambani, hutokea wakati ambapo mcheza santuri huziweka kando nyimbo za kisasa na kuteremsha kibao cha Les Wanyika au cha Daudi Kabaka. Wazee huinuka vitini taratibu, wakinyoosha viungo. Hilo halimshangazi yeyote kwa kuwa nyimbo hizo ni za ujana wao. La kustaajabisha ni kwamba vijana nao huinuka, tena si kwa kuwaigiza wazee. Huimba neno kwa neno vibao vilivyorekodiwa miaka kumi au ishirini kabla ya wao kuzaliwa, na baadhi yao huonekana wakifumba macho kama watu waliokumbuka jambo.

Wanakumbuka nini? Kijana aliyezaliwa mwaka 1990 hakuwahi kukanyaga ukumbi ambamo Simba Wanyika walitumbuiza walipokuwa katika kilele chao. Hakununua santuri. Kiongozi wa bendi hiyo, Wilson Peter Kinyonga, aliaga dunia mwaka 1995, miaka mitatu hivi baada ya nduguye George, wakati kijana huyo akiwa bado mtoto mdogo. Hata hivyo, hamu aliyo nayo ni hamu ya kweli, na ina maelezo yake.

Kwanza, jina lenyewe. Katika Kiswahili cha Kenya nyimbo hizi huitwa zilizopendwa, ilhali ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, huitwa zilipendwa. Tofauti ni silabi moja tu, lakini ina ladha yake. Mtanzania husema zilipendwa, na sentensi yake imetimia. Mkenya huongeza kirejeshi, akaiacha sentensi ikining'inia: nyimbo zilizopendwa zimefanya nini? Zimekwisha? Zimerudi? Huenda ndiyo sababu hazijawahi kuzikwa. Watanzania nao hawajazizika, kwani mwaka 2017 wasanii wa WCB Wasafi wakiongozwa na Diamond Platnumz walitoa kibao walichokiita Zilipendwa, wakaitumia hamu hiyo hiyo kuwauzia vijana muziki mpya.

Kinachokusanywa chini ya jina hilo ni mchanganyiko mkubwa. Kuna gita la Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani aliyewatumbuiza wanajeshi wa King's African Rifles wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kuna twisti ya miaka ya 1960 iliyotoka katika studio za Equator Sound jijini Nairobi chini ya Charles Worrod, ambako Daudi Kabaka na Fadhili William walifanya kazi bega kwa bega na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kuna rumba ya Watanzania waliohamia Nairobi, pamoja na ya Wakongo wa Orchestra Super Mazembe waliofika jijini humo mwaka 1974. Kuna pia Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye Wakenya walimhesabu kuwa wao, na ambaye alifariki Mombasa katika ajali ya barabarani mnamo Januari 1979.

Wengi wa wageni hao walivutwa na jambo moja la kibiashara. Viwanda vya kufyatua santuri vilikuwa Nairobi, na Tanzania haikuwa na chake. Aliyetaka sauti yake iuzwe madukani hakuwa na budi kuielekeza Kenya.

Lakini santuri peke yake haingeweza kuwafikia watoto. Gramafoni ilikuwa mali ya wachache. Kilichoingia katika nyumba za watu kilikuwa redio, na kwa miaka mingi redio ilikuwa na maana moja tu: Sauti ya Kenya, ambayo tangu mwaka 1989 huitwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Kituo cha kwanza cha kibinafsi cha FM, Capital FM, hakikuanza hadi mwaka 1996. Kabla ya hapo, mwenye kutaka Kiswahili aliifungulia Idhaa ya Taifa, na kilichochezwa huko kikawa ndicho kilichosikika Kisumu, Nyeri, Garissa na Malindi kwa wakati mmoja.

Tena redio hiyo haikuwa ya mtu binafsi. Ilikuwa ya nyumba nzima, ikakaa juu ya kabati chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa baba. Betri zilipodhoofika ziliondolewa zikaanikwa juani ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Mtoto aliyekuwa akifanya kazi za shule, mama aliyekuwa akichagua mchele na mgeni aliyekuwa akingoja chai walisikia wimbo ule ule, wapende wasipende. Fauka ya hayo, vipindi vya salamu viliurudia wimbo mmoja mara nyingi. Wasikilizaji walinunua kadi dukani, wakaandika majina ya jamaa na marafiki, wakazituma kituoni, na mtangazaji akayasoma majina hayo moja baada ya jingine kabla ya kuweka kibao. Ni vigumu leo kumweleza kijana mwenye simu mfukoni jinsi kutajwa redioni kulivyoweza kuwa habari ya mtaa kwa wiki nzima.

Hapo ndipo penye jibu la fumbo la kijana harusini. Mwaka 2013, wanasaikolojia Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti uliowahusisha vijana 62 wenye umri wa wastani wa miaka 20. Walichezewa vipande vya nyimbo zilizotamba Marekani kuanzia mwaka 1955 hadi 2009, wakaulizwa kama walizijua, kama walizipenda na kama ziliwakumbusha lolote. Ilivyotarajiwa, nyimbo za miaka yao wenyewe ndizo zilizoongoza. Kilichowashangaza watafiti ni kilele kingine kilichochomoza katika nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo wazazi wa vijana hao walikuwa wenyewe wangali vijana. Kilele kidogo zaidi kilionekana katika nyimbo za miaka ya 1960.

Maelezo yao ni mepesi kuyaelewa. Binadamu hushikamana sana na muziki alioupenda akiwa kati ya ubalehe na miaka ya ishirini na kitu. Apatapo watoto, muziki huo ndio anaoucheza nyumbani, na watoto huunyonya pamoja na maziwa. Kwa hiyo kijana anayefumba macho harusini hautamani mwaka 1979, mwaka ambao haujui. Anakumbuka sebule, harufu ya mafuta ya taa, na baba aliyekuwa akipiga mluzi akinyoa ndevu Jumapili asubuhi. Anaukumbuka utoto wake mwenyewe, na wimbo wa mzazi ndio uliobeba kumbukumbu hiyo.

Yapo mambo katika nyimbo zenyewe yaliyosaidia. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande. Basi katika miaka ya 1970 ikawa desturi ya Nairobi kuukata wimbo vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno, sauti mbili tatu zikisimulia kisa kwa utulivu. Msikilizaji aliigeuza santuri, na upande wa pili magita yakachukua usukani, besi ikapanda na miguu ikakosa subira. Vijana wanaosikiliza nyimbo hizo kwenye simu hujiuliza kwa nini sauti hufifia katikati kisha ikaanza tena. Wengine hudhani ni hitilafu ya mashine. Hapo ndipo mkono wa mtu ulipokuwa ukigeuza santuri.

Maneno nayo yalitamkwa yakasikika, katika Kiswahili ambacho mtoto wa shule ya msingi angeweza kukifuata, ingawa maana mara nyingi ilimpita. Watoto wengi waliuimba Sina Makosa, uliovuma mwishoni mwa miaka ya 1970, wakidhani ni wimbo wa furaha. Walipokuwa watu wazima ndipo walipotambua kwamba ni malalamiko ya mwanamume anayemsihi mwenzake aache chuki inayotokana na mambo ya wanawake. Lunch Time wa Gabriel Omolo, uliotamba katika miaka ya 1970, mtoto huusikia kama mchezo. Mfanyakazi aliyefika tarehe ishirini na tano ya mwezi bila senti huusikia kama wasifu wake, kwa kuwa unasimulia masaibu ya watu wa Nairobi saa ya chakula cha mchana. Wimbo unaofunguka mara ya pili namna hiyo si rahisi kuusahau.

Hata hivyo, dai linalopendwa na wazee, kwamba nyimbo za kale zote zilikuwa na mafunzo na za siku hizi ni makelele matupu, halina budi kupimwa. Zilizopendwa zilisifu pombe. Zilieleza uzinzi kwa mapana na marefu. Si haba zilizomkaripia mwanamke kwa kila kosa la nyumba huku mwanamume akitoka mikono mitupu na safi. Aidha, jina lenyewe ni chujio. Mamia ya santuri zilifyatuliwa Nairobi, zikachezwa wiki mbili, zikasahauliwa kwa haki kabisa. Hakuna kituo chenye kipindi cha Zisizopendwa. Anayelinganisha vibao ishirini bora vya miongo mitatu na kila kitu kinachosikika katika matatu asubuhi ya leo amekwisha kuamua mshindi kabla ya mbio kuanza.

Wala vijana hawazipokei nyimbo hizo kama urithi wa kuwekwa kabatini. Mfano ulio wazi ni Kasongo wa Super Mazembe. Ni kilio cha mke anayemwomba mumewe aliyeihama nyumba arudi. Mwishoni mwa mwaka 2024, vijana wa Kenya waliutwaa wimbo huo katika mitandao ya kijamii na kuligeuza jina Kasongo kuwa lakabu ya kumkejeli Rais William Ruto. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wakawa wanaucheza kwa sauti ya juu wimbo wa miaka ya 1970, ulioimbwa na bendi ya Wakongo, kwa shughuli ambayo watunzi wake hawangeiota. Hapakuhitajika kumweleza mtu yeyote wimbo wenyewe ni upi. Kila nyumba ilikuwa nao tayari.

Penzi hilo lote halikuwafaa sana walioziimba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni kubwa za kigeni za kurekodi zilianza kufunga virago na kuondoka Kenya, biashara ikiwa imeharibiwa na kanda zilizonakiliwa kwa wizi. Kisha magwiji wenyewe wakaanza kuondoka. Fundi Konde alifariki mwaka 2000. Fadhili William alimfuata Februari 2001 na Daudi Kabaka Novemba mwaka huo huo, hivi kwamba katika muda usiotimia miezi kumi na minane nchi ilikuwa imewazika watatu kati ya waasisi wa muziki wake wa kisasa. Wimbo Malaika, aliourekodi Fadhili William, ulikuwa umeshaimbwa na Miriam Makeba, Boney M na Angelique Kidjo, huku ubishi juu ya nani hasa aliyeutunga ukiendelea. Miongoni mwa waliodai kuutunga alikuwa Adam Salim. Helule Helule wa Kabaka ulikuwa umeingia katika orodha ya nyimbo zilizotia fora Uingereza mwaka 1968 kupitia kundi la The Tremeloes.

Sheria inaongeza uzito katika jambo hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Santuri iliyorekodiwa mwaka 1972 ulinzi wake ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2022, na kila Januari kundi jingine la vibao vya miaka ya 1970 huvuka mpaka huo. Utunzi ni jambo jingine. Wenyewe hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi baada ya mwaka wa kifo chake. Wengi huchanganya mambo hayo mawili, wakaona kwamba wimbo wa zamani ni mali ya umma na hauna mwenyewe.

Baadhi ya warithi hawakungoja. Joseph Kamaru, aliyeimba kwa Kikuyu kwa zaidi ya miongo minne, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake mwenye jina hilo hilo, ambaye ni msanii wa sauti anayejulikana kimataifa kama KMRU, aliamua kuzitoa upya nyimbo za babu yake kupitia intaneti, zikiwa na jina la mwenyewe na mahali pa kuzinunulia. Muziki wa mjukuu hauna gita wala maneno, na hautafanana na wa babu hata kwa bahati mbaya.

Kwa Daudi Kabaka, hesabu inasomeka hivi: aliaga dunia mwaka 2001, kwa hiyo tungo zake zitaendelea kuwa chini ya ulinzi wa sheria hadi mwisho wa mwaka 2051. Hadi wakati huo, kituo cha redio kinachozipiga na mwenye ukumbi anayezitumia kuwainua wageni wa harusi vitini wanawiwa na warithi wake.