Kwa Nini Chupa za Pombe ya Matunda Hupasuka?

Milima ya Taita ina matunda mengi. Huko Wusi na sehemu zilizo jirani, plamu, mapeasi, mapera na pasheni huiva kwa pamoja, na yale yasiyopata mnunuzi huoza chini ya miti. Si ajabu basi kwamba mkulima hufikiri kuyakamua na kutengeneza pombe ya kutia katika chupa. Kazi hiyo yaweza kufanywa vizuri. Lakini chupa iliyozibwa vibaya ni kitu cha hatari: hupasuka ghafula, na vigae vyake huweza kumtoa mtu jicho.

Watu wa Taita wanaijua sana mbangara, pombe ya kienyeji. Mbangara hunywewa ingali changa, bado inatoa povu, na chombo chake hakizibwi sana. Hapo hapana hatari ya kupasuka. Hatari huanza pale mtu anapochukua pombe changa kama hiyo, akaitia katika chupa na kuikaza kizibo cha bati.

NGUVU HIYO YATOKA WAPI?

Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa vitu viwili: kileo, na hewa ya ukaa. Gramu 6 za sukari katika lita moja ya pombe hutoa karibu lita moja na nusu ya hewa hiyo. Katika pipa lililo wazi hewa hutoka. Katika chupa haina njia, nayo husukuma kioo usiku na mchana.

Huko Uingereza watu walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1662 Christopher Merret aliandika habari za kutia sukari katika mvinyo ili uwe na povu. Waingereza waliweza kufanya hivyo, na kutia pombe ya matufaha katika chupa, kwa sababu walikuwa na chupa za kioo kinene. Kwa hiyo jambo la kwanza ni chupa yenyewe. Tumia chupa nene za bia au za soda. Usitumie chupa za pombe kali, za mvinyo wa kawaida wala za jemu; hizo hazikutengenezwa kustahimili msukumo. Tena usitumie kamwe chupa iliyopata kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia mimea, hata ukiiosha mara kumi.

CHUPA ZINAPASUKA

Sababu kubwa ni haraka. Mkulima huona povu limepungua, akadhani pombe imeiva, kumbe sukari ingalimo. Ikiwa zimebaki gramu 20 katika kila lita, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kiasi kinachofaa. Pima kwa haidromita: pombe iwe imefika 1.000 au chini yake, na kipimo kisibadilike kwa muda wa wiki nzima. Asiye na kipimo hicho asizibe chupa. Afadhali ainywe pombe yake bila povu.

Sababu ya pili ni sukari ya kuongeza. Kwa debe la lita 20, gramu 120 zatosha, yaani nusu ya robo kilo, pungufu kidogo. Pima kwa mizani. Ichemshe katika maji kidogo, iache ipoe, kisha uichanganye polepole na pombe yote kabla ya kujaza chupa. Ukitia kwa kijiko chupa moja moja, nyingine zitapata nyingi na nyingine kidogo.

Sababu ya tatu ni joto. Chupa iliyotulia katika baridi ya Wusi huweza kupasuka ikiteremshwa Mwatate mpaka Voi katika gari lenye joto, kwani joto huongeza msukumo, na hamira iliyolala huamka. Usisafirishe chupa ambazo hazijaiva.

Njia rahisi ya kujua ni hii: jaza chupa moja ya plastiki kwa pombe ile ile, uiweke pamoja na nyingine. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya, povu limetosha. Ikizidi kuvimba, ujue zile za kioo nazo zimo hatarini. Hapo usizishike kwa mikono mitupu. Zifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, watoto wakae mbali, na uzifungue alfajiri wakati wa baridi, uso wako ukiwa umefunikwa.

POMBE HAINA POVU

Huenda kizibo hakikukazwa, au sukari haikutiwa. Lakini katika miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, mara nyingi ni hamira tu iliyolala. Peleka chupa mahali penye uvuguvugu, ungoje wiki mbili au tatu. Usifungue ukaongeza sukari, baadaye zitapasuka.

POMBE IMEKUWA CHUNGU KAMA SIKI

Hewa na vijinzi ndivyo vilivyoiharibu. Funika pipa kila wakati, na ujaze chupa hadi ibaki nafasi ya vidole viwili tu. Iliyokwisha kuwa siki haiponi, itumie jikoni.

POMBE INA UKUNGU

Huenda ulivuta mashapo pamoja na pombe. Tumia mpira safi, na mdomo wake usifike chini ya pipa. Matunda yaliyochemshwa pia hufanya ukungu, lakini huo haudhuru. Chupa zote zioshwe kwa brashi na maji ya moto, kisha zisimamishwe kichwa chini zikauke.

NENO LA MWISHO

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 yataka leseni kwa mtu anayetengeneza pombe na kwa anayeuza. Basi nenda kwanza katika ofisi ya kaunti uulize, kabla hujanunua chupa hata moja. Kisha fanya kazi yako kwa subira. Wiki moja ya kungoja ni bei ndogo sana ukiilinganisha na jicho la mtoto wako.