UKURASA WA AFYA
Losheni ya Kunukia: Itengeneze Nyumbani, Usiumize Ngozi

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la hospitali: mafuta ya kujipaka. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa ziwa unapovuma na ngozi kupauka, karibu kila nyumba ya Ujiji ina chupa ya losheni dirishani. Siku hizi akina mama wengi hununua losheni tupu, isiyo na harufu, kisha huitia manukato wenyewe nyumbani. Ni njia ya kupunguza gharama, na kwa wengine ni biashara ndogo. Sisi wauguzi hatuipingi kazi hii. Ila tumeona madhara yake inapofanywa bila kipimo, na tungependa kila familia ijue namna ya kuifanya vizuri.

Chupa ya soda

Siku moja aliletwa kwetu mtoto wa miezi minne kutoka Ujiji. Shingo, makwapa na mikunjo ya mapaja ilikuwa myekundu, inatoa majimaji, na mtoto halali kwa kulia. Bibi yake alidhani ni harara ya joto. Tulipomwuliza mama anampaka nini, alitoa kwenye kikapu chupa ya soda iliyojaa losheni. Ilikuwa losheni tupu ya kupimiwa sokoni, imeongezwa maji ili iwe nyingi, imekamuliwa ndimu, na imetiwa marashi ya kutosha chupa mbili.

“Sista, nilitaka tu mwanangu anukie vizuri,” alisema.

Tunakiri kwamba siku ile tulimgombeza mbele ya wenzake. Bibi mtu akatuambia kwa upole, “Mwanangu, ukimfokea huyu, kesho wenzake wataziacha chupa zao nyumbani.” Na ndivyo ilivyokuwa. Wiki zilizofuata tuliletewa watoto wengine wenye vipele vya namna ile, na kila mama alisema hampaki mtoto kitu chochote. Tusingeweza kuwatibu vizuri bila kujua walichopakwa. Ndipo tulipoacha kugomba tukaanza kufundisha, tukiwa na beseni, vijiko na chupa barazani. Chupa zikaanza kurudi. Makala hii ni somo lile lile tunalolitoa pale barazani.

Kunukia si jambo geni kwetu

Ujiji ni mji wa zamani. Hata kabla Stanley hajamkuta Livingstone hapa mwaka 1871, misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa ikiishia kwenye ufuko huu. Watu wa pwani walikuja na desturi zao za kujipamba: liwa ya kupaka mwilini, udi wa kufukiza nguo, marashi na uturi. Wenyeji nao walikuwa na mafuta ya michikichi. Mpaka leo, arusi ikikaribia, huhitaji kuelekezwa nyumba ya bibi arusi. Utaisikia harufu yake ukiwa njiani.

Mchikichi hutupatia mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje ya tunda hutoa mawese, ambayo ni mekundu na hutia rangi nguo na ngozi. Kokwa likikaushwa na kupasuliwa, kiini chake hutoa mafuta ya mise. Mise huganda asubuhi kukiwa na baridi na huyeyuka jua likipanda. Bibi zetu walipaka mise nywele na mwili, na kwa ngozi kavu yanafaa hadi leo.

Kwa nini losheni huharibika

Losheni ni mafuta na maji vilivyochanganywa vikashikamana. Palipo na maji, vijidudu hupata makao. Kwa hiyo kiwandani hutiwa dawa ya kuzuia vijidudu, na dawa hiyo hupimwa kulingana na wingi wa losheni. Ukiongeza maji, hata yaliyochemshwa, unaipunguza nguvu dawa ile. Ukiongeza maziwa, utomvu wa mshubiri, tango au asali, unawapa vijidudu chakula. Losheni inaweza kuonekana nzuri kwa macho huku imeshaharibika. Mtu mwenye mchubuko akijipaka, anaingiza vijidudu kwenye kidonda.

Ndimu ina hatari ya pekee. Maji ya ndimu na mafuta ya ganda lake yakibaki kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua, ngozi huungua, hutoka malengelenge na kubakia na madoa meusi kwa muda mrefu. Limau ni vivyo hivyo. Jua letu la ziwani ni kali, basi ndimu ibaki kwenye migebuka.

Marashi ya kunyunyizia nguo nayo hayafai, kwa kuwa mengi yana spiriti. Spiriti huikausha ngozi, na huweza kuitenganisha losheni, mafuta yakawa juu na maji chini.

Vifaa vinavyohitajika

Losheni tupu isiyo na harufu, mililita 200. Inunuliwe ikiwa imefungwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ile ya kupimiwa kwenye ndoo iliyo wazi huwezi kujua imeongezwa nini.

Mafuta ya kunukia ya mimea, yale yanayotolewa kwa kuchemsha majani au maua na kukusanya mvuke wake. Yako ya mchaichai, mlangilangi na karafuu. Kisiwani Pemba, pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha kutengeneza mafuta ya karafuu. Haya ni mafuta makali sana. Hayapakwi yenyewe mwilini, wala hayanywewi.

Bomba la sindano la mililita 2 bila sindano yake, jipya, kutoka duka la dawa. Matone hutofautiana kati ya chupa na chupa, bali bomba halidanganyi.

Bakuli la kioo au la chuma cha pua, kijiko cha chuma, na chupa safi yenye mfuniko. Usitumie chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto akiiona atainywa.

Namna ya kutengeneza

1. Osha bakuli, kijiko na chupa kwa sabuni, kisha vichemshe dakika 10. Kama chupa ni ya plastiki isiyohimili moto, nunua mpya. Acha vyote vikauke kabisa bila kufuta kwa kitambaa, kwa sababu hata tone la maji halitakiwi.

2. Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe. Mwenye kidonda au jipu mkononi asifanye kazi hii mpaka apone.

3. Mimina losheni kwenye bakuli. Usiipashe moto.

4. Vuta kwa bomba mafuta ya kunukia mililita 1, ambayo ni kama matone 20. Kipimo hiki ni nusu ya sehemu moja katika mia, na kinatosha kwa losheni mililita 200. Kama ni karafuu, tia nusu yake tu, yaani nusu mililita, maana karafuu huwasha ngozi upesi. Usichanganye aina nyingi. Mtu akidhurika hutajua ni ipi iliyomdhuru.

5. Koroga taratibu dakika tano, kuelekea upande mmoja, hadi usione mafuta yakielea.

6. Tia kwenye chupa, funga, na ubandike karatasi yenye majina ya vitu ulivyotia na tarehe. Usione ni kazi ya bure. Siku mtu akidhurika, karatasi hiyo ndiyo itakayotusaidia hospitalini.

7. Weka mahali penye kivuli, mbali na watoto. Tumia ndani ya miezi mitatu. Ikibadilika rangi au harufu, au ikijitenga, itupe.

Wengine huona harufu ni ndogo, wakaongeza. Tafadhali usiongeze. Pua ya anayechanganya huchoka haraka, lakini atakayekupita njiani ataisikia.

Asiyetaka losheni anaweza kutumia mise au mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Weka chombo cha mafuta ndani ya sufuria ya maji ya moto iliyokwisha epuliwa, yayeyuke taratibu. Usiyaweke moja kwa moja juu ya moto, yanaweza kuwaka. Yakibaki vuguvugu, tia mafuta ya kunukia kwa kipimo kile kile, ukoroge. Kwa kuwa hayana maji, hayaoti vijidudu kwa urahisi, ila mise huchacha yakikaa muda mrefu.

Jaribu kwanza

Kabla ya kujipaka mwili mzima, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku mbili. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, losheni hiyo si yako hata kama jirani inamfaa.

Watoto wa chini ya miaka miwili wasipakwe kitu chenye manukato. Ngozi yao ni nyembamba, na kinachopakwa hupenya upesi. Mtoto mchanga aliyeogeshwa tayari ana harufu nzuri kuliko uturi wote wa Ujiji. Usipake chochote cha kunukia kwenye kitovu chake, wala usimpake mafuta ya mkaratusi au ya mnanaa usoni, maana yanaweza kumzuia kupumua vizuri. Wenye pumu, wenye ukurutu na wajawazito waulize kwanza kituo cha afya.

Losheni na mkorogo si kitu kimoja

Lipo jambo linalotuhuzunisha zaidi. Katika baadhi ya chupa tunazoletewa, pamoja na manukato, kumechanganywa krimu za kung'arisha ngozi. Huo ndio mkorogo. Mara nyingi msichana huanza wiki chache kabla ya arusi, kwa kuambiwa kwamba bwana arusi atampenda zaidi akiwa mweupe.

Krimu hizo huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za hospitali kama klobetasoli na betamethasoni. Zebaki huharibu figo, na humfikia mtoto aliye tumboni na anayenyonya. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mashavu na madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka. Klobetasoli na betamethasoni ni dawa nzuri daktari akiziandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupata michirizi, na kidonda hukawia kupona. Kwa mama atakayejifungua kwa upasuaji, hilo si jambo dogo.

Ulimwengu umekwisha kuona hatari hii. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga pamoja na mengine kuondoa zebaki katika vipodozi, na hapa Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Lakini katazo halifiki chumbani. Anayefika chumbani ni mama, shangazi na somo wa bibi arusi. Tunawaomba ninyi mseme.

Kwa aliyekwisha kuzoea mkorogo, asione haya kuja. Asiache ghafla peke yake, maana ngozi huweza kuwaka na kutoka vipele vingi, akarudia kwa uchungu. Aje na chupa yake, tutamsaidia kuacha hatua kwa hatua. Hatutagomba.

Tukumbuke pia kuwa losheni haizuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji mafuta maalumu ya kukinga jua, kofia pana na mikono mirefu. Mafuta ya namna hiyo yametengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC. Ulizeni kliniki ya ngozi iliyo karibu.

Kwa wanaotaka kuuza

Kumtengenezea mwenzio si sawa na kujitengenezea mwenyewe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka TFDA. Vikundi vya akina mama vianze kwa kuomba ushauri SIDO, ambao huwasaidia wenye viwanda vidogo, kabla ya kuipeleka chupa sokoni.

Ukidhurika

Acha kupaka mara moja. Osha kwa maji mengi safi na sabuni isiyo kali. Usipake dawa ya meno, majivu wala krimu ya jirani. Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona malengelenge, usaha, homa, uso kuvimba au kupumua kwa shida, au mtoto akikataa kunyonya. Na chupa usiiache nyumbani.

Mtoto yule wa miezi minne alipona. Mama yake sasa humpaka mafuta ya mgando tupu, na losheni ya mchaichai anajipaka mwenyewe. Barazani kwetu, yeye ndiye anayeshika bomba na kuwaonyesha wenzake mstari wa mililita moja.