Hati Iliyogawa Kijiji

Mwaka 1954, vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa Waingereza vikiendelea, serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza kutekeleza mpango wa ofisa wa kilimo Roger Swynnerton: vishamba vilivyotawanyika viunganishwe, mwenye ardhi apewe hati, na wakulima Waafrika wengi zaidi waruhusiwe kupanda kahawa. Sifa ya mabadiliko yaliyofuata hupewa kahawa. Naona hati ndiyo iliyoigeuza jamii. Katika nchi ya Wakikuyu, ahoi, yaani wapangaji wasio na ardhi yao, walilima kwa ridhaa ya ukoo, na mke alikuwa na sehemu yake ya kulima. Daftari la ardhi liliandika jina moja, kwa kawaida la mwanamume, na haki hizo nyingine zikakosa pa kuandikwa. Baadhi ya waliokuwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau walirudi wakakuta mipaka imekwisha kupimwa.

Atasema mtu kwamba ardhi iliuzwa hata zamani, na machifu walikwisha kujilimbikizia. Kweli, na mapato ya wengi yalipanda. Lakini awali shauri la ardhi lingeweza kurudishwa mbele ya wazee; daftari lililifunga. Mpango wenyewe, tena bila kificho, ulitarajia tabaka la wasio na ardhi, ukaliita hatua ya kawaida ya maendeleo.