Angoulême: marafiki wawili wa Kivu kwenye sikukuu ya bede, Goma ikiwa chini ya mabomu

Angoulême ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, uliojengwa juu ya kilima, wenye wakaaji zaidi kidogo ya 40.000. Lakini kwa siku nne mwishoni mwa mwezi wa kwanza, hupokea watu wapatao 200.000. Wote wanakuja kwa sababu moja: bede, zile hadithi za picha ambazo watoto wa Goma, Bukavu na Kisangani walizisoma kwa zamu, kitabu kimoja kikipita mikononi mwa darasa zima mpaka jalada linakatika.

Katika umati wa mwaka 2025 walikuwamo marafiki wawili wa kutoka Kivu. Mmoja ni mchoraji, mzaliwa wa Katindo mjini Goma, anayeishi Liège huko Ubelgiji na kufanya kazi ya usiku katika bohari ya mizigo. Mwingine ni mtoto wa Kadutu, Bukavu, dereva wa basi. Huyu hajui kuchora hata kuku, lakini amesoma bede kuliko watu wengi wanaozichora. Majina yao hayatajwi hapa kwa sababu jamaa zao wangali katika miji hiyo miwili.

Walikuwa wamepanga safari hiyo tangu mwezi wa sita. Tiketi za treni kutoka Bruxelles hadi Paris, na kutoka Paris hadi Angoulême, zilinunuliwa mapema ili zisiwe ghali. Hoteli hawakujaribu hata kutafuta. Kwa siku za sikukuu, vyumba vya Angoulême huwa vimeshachukuliwa na wauza vitabu, wachoraji na wageni wanaorudi kila mwaka, hivyo wengi hulala Bordeaux na kupanda treni kila asubuhi. Ndivyo walivyofanya, kwenye sofa za Mkongomani mmoja waliyemfahamu kupitia kanisa.

Jambo ambalo hawakulipanga ni tarehe. Sikukuu ya mwaka huo ilikuwa kuanzia tarehe 30 Januari hadi tarehe 2 Februari. Siku ya kwanza ya juma lile lile, tarehe 27, waasi wa M23 waliingia Goma. Uwanja wa ndege ulifungwa, umeme na maji vikakatika, intaneti ikapotea katika sehemu kubwa ya mji. Mama wa mchoraji, dada zake wawili na watoto watano walikuwa ndani ya nyumba Katindo.

Siku ya pili usiku, mchoraji alitaka kubaki Liège. Rafiki yake, ambaye anamzidi miaka sita na kwa hiyo ana haki ya kumsemesha hivyo, alimjibu: “Petit, ukibakia ku nyumba unaangalia telefone, ni wewe utasimamisha masasi? Mama yako njo alikwambia uende. Tunaenda.” Asubuhi ya siku ya tatu wakapanda treni. Mchoraji alibeba kartabu nyeusi yenye kurasa 12. Rafiki yake alibeba mkate, viazi vya kuchemsha, chaja tatu na viti viwili vya kukunja.

Viti hivyo mtu asivicheke. Sikukuu ya Angoulême ilianza mwaka 1974, na tangu zamani ina desturi yake ya kipekee: mchoraji anakaa mbele ya meza, msomaji analeta kitabu alichonunua, na mchoraji anamchorea picha kwenye ukurasa wa kwanza, bila malipo, kwa kalamu na mara nyingine kwa rangi. Picha moja inaweza kuchukua dakika 10 au 20. Kwa hiyo foleni hazitembei. Wazoefu huja na viti vyao na thermosi ya kahawa. Kwa wachoraji wakubwa, wachapishaji wengine hupigisha kura: unavuta karatasi, na ukikosa, unarudi kwenu na kitabu kisicho na picha. Kuna hata watu wanaopanga foleni ili kwenda kuiuza ile picha baadaye, na wachoraji wanawajua sura.

Mji wenyewe umejigeuza kitabu. Kuta za majumba zimechorwa vikatuni virefu kama orofa tatu, na vibao vya majina ya barabara vina umbo la puto la maneno. Barabara moja inaitwa Hergé, mtungaji wa Tintin, na sanamu ya kichwa chake imewekwa hapo. Mkongomani akipita mbele yake huwa na mawazo yake. Tintin alipelekwa Congo kwenye gazeti la Bruxelles kuanzia mwaka 1930, na Hergé mwenyewe hakuwa amewahi kukanyaga huko. Mtoto wa Kadutu alipiga picha pamoja na sanamu hiyo, akiwa amekunja uso kama mpelelezi.

Hakuna jengo moja la maonyesho, na mgeni wa mara ya kwanza hupotea. Mahema makubwa yanasimikwa katika viwanja mbalimbali: katika Champ de Mars wachapishaji wakubwa, katika kiwanja kingine wachapishaji wadogo na wale wanaojichapishia wenyewe, chini karibu na stesheni ulimwengu wa manga. Maonyesho yanafanyika ndani ya makumbusho, ukumbi wa tamthilia, hata makanisani. Kwenye kila mlango mifuko inapekuliwa. Kutoka hema moja hadi jingine ni kupanda na kushuka, na mwezi wa kwanza mvua ya huko ni baridi.

Chini kabisa, kando ya mto Charente, ndipo yalipo makumbusho ya bede, katika bohari za zamani za divai zilizofunguliwa upya mwaka 2009. Mwaka 2021 makumbusho hayo yaliweka maonyesho makubwa juu ya bede za Afrika, na jina lake lilikuwa neno la Kiswahili: Kubuni. Aliyeyaongoza ni Joëlle Epée Mandengue wa Cameroun, anayejulikana kwa jina la Elyon’s na aliyeanzisha sikukuu ya Bilili huko Brazzaville. Wafaransa walilitamka neno hilo kwa namna zao, lakini lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Wakongomani si wageni katika kazi hii. Mwaka 1968, Kinshasa, gazeti la Jeunes pour Jeunes lilianza kuchapisha hadithi za picha zenye lugha ya mtaani. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, amechora albamu nyingi zilizotolewa na wachapishaji wa Ulaya. Moja ya hizo, Madame Livingstone, iliyotungwa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie na kutolewa mwaka 2014, inatokea kwenye Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji wakiitafuta meli ya Kijerumani Graf von Götzen ili waizamishe. Wakaaji wa Kalemie na Uvira wangejitambua humo. Shida ni kwamba hakuna duka linaloiuza huko.

Ndiyo sababu mchoraji wa Katindo hakuja Angoulême kuomba picha. Alikuja kuonyesha zake. Wakati wa sikukuu, baadhi ya wachapishaji hupokea vijana kwa miadi, mtu mmoja kwa robo saa hivi, na yeye alikuwa amepata miadi moja, siku ya tano saa tano asubuhi.

Kurasa zake 12 zinasimulia habari za msukuma chukudu anayeshuka kutoka Kibati na magunia ya makaa, na ambaye gari lake la mbao lina akili kuliko yeye. Chukudu linasema, mwenye chukudu hasikilizi. Linamwambia usipite njia ile, anapita. Linamwambia yule mwanamke anakupunja, anampa mkopo. Ni hadithi ya kuchekesha. Mawe meusi ya volkano yamechorwa vizuri mno, na mtu wa Goma angetambua mzunguko wa Signers bila kuandikiwa jina.

Siku ya ine ilikwisha bila habari kutoka nyumbani. Marafiki hao walitembea mahema yote, rafiki akiongea, mchoraji akitazama telefone. Walipanga foleni kwa saa mbili kwa ajili ya mchoraji mmoja, na foleni ilipokaribia, mchoraji wa Katindo alitoka nje kwa sababu telefone ilitetemeka. Ilikuwa matangazo ya kampuni ya simu. Rafiki yake akaendelea kushika nafasi, akachorewa yeye, na akaomba jina liandikwe la mwenzake.

Saa tisa za usiku, wakiwa Bordeaux, ukaingia ujumbe mfupi kutoka namba ya Rwanda, aina ya namba ambazo watu wa karibu na mpaka huzitumia mitandao ya Congo ikianguka. Uliandikwa na dada mkubwa: “Tuko bazima. Tunalala mu kulwari, mbali na madirisha. Mama anauliza kama ulishaonyesha bede.”

Basi asubuhi akaenda kuonyesha bede.

Mchapishaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye adabu, aliyefungua kurasa polepole na kurudi nyuma mara mbili. Alisifu wino. Alisema maputo ya maneno ni mengi na herufi ni ndogo, jambo ambalo rafiki wa Kadutu alikuwa amelisema miezi mitatu kabla. Alicheka kwenye ukurasa wa saba, mahali panapostahili kuchekwa. Kisha akauliza anatoka mji gani hasa. Alipoambiwa Goma, uso wake ulibadilika, akafunga kartabu, akasema anasikitika sana kwa yanayotokea. Halafu akauliza kama hakufikiria kuchora hilo: vita, familia, yeye akiwa mbali. Hicho kitabu, alisema, angeweza kukipigania mbele ya wakubwa wake. Chukudu ni zuri, lakini nani atalinunua?

Hakuna ubaya katika swali hilo, na ni hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mwanamke huyo alikuwa akimfungulia mlango. Pat Masioni, mzaliwa wa Bandundu aliyekimbilia Ufaransa mwaka 2002, alijulikana sana huko kwa kuchora Rwanda 1994, na baadaye Wamarekani wakamwita kuchora baadhi ya sehemu za Unknown Soldier, hadithi ya vita vya kaskazini mwa Uganda. Ni kazi kubwa, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mtu akihesabu vitabu vya Afrika vilivyopata nafasi kubwa, vita vina mlango mpana kuliko kicheko. Kuna waliopita kwa mlango mwingine: Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet, hadithi ya wasichana wa mtaa wa Abidjan na mapenzi yao, ilipata tuzo ya albamu ya kwanza hapo hapo Angoulême mwaka 2006, na ikasomwa dunia nzima. Ilikuwa hadithi ya watu wanaoishi tu.

Nje ya hema, mvua ikinyesha, marafiki hao waligombana kwa mara ya kwanza katika safari hiyo. Dereva wa basi alisema mlango ni mlango: ingia na vita, kesho utaleta chukudu. Mchoraji alisema hawezi kumchora mama yake ndani ya kulwari wakati bado yumo ndani ya kulwari. “Grand, atoke kwanza,” alisema. “Akishatoka, labda.” Walikula viazi bila kusemezana, kisha mkubwa akaenda kutafuta kahawa mbili. Hilo likamaliza ugomvi, kwa siku ile.

Siku ya posho na siku ya Mungu walizipitisha kama watu wengine. Waliona michoro ya Mwingereza Posy Simmonds, aliyepewa tuzo kuu mwaka uliotangulia. Walipita kwa wachapishaji wadogo, ambako kijana mwenye ndevu alikuwa akiuza vitabu alivyovikunja na kuvipiga stepla mwenyewe, na huko ndiko mchoraji alikokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Aliuliza bei ya karatasi na nakala ngapi zinaweza kutoka kwa mara moja.

Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu ya Bukavu. Waasi waliingia huko katikati ya mwezi wa pili, na safari hii ni mchoraji aliyekwenda kulala kwa rafiki yake, chaja mkononi.

Mwaka 2026 sikukuu ya Angoulême haikufanyika. Wachoraji wengi, akiwemo Anouk Ricard aliyepata tuzo kuu ya 2025, waligoma wakiipinga kampuni iliyokuwa ikiiendesha, na mwezi wa kumi na mbili ikatangazwa kwamba imefutwa. Marafiki hao walikuwa hawajanunua tiketi bado.

Kurasa za chukudu sasa ni 46. Mchapishaji ameandika mara mbili kuuliza kuhusu kitabu kile kingine, na amejibiwa kwa heshima kwamba bado. Mama yuko salama Katindo, amekataa kuhama. Katika vitabu vya hesabu vya dereva wa basi imo bei ya kuchapisha nakala 200 huko Liège, na bei ya kuzifikisha Goma, ambayo inazidi ile ya kuchapisha. Maputo yamepunguzwa. Yanaandikwa katika Kiswahili cha Goma, na ubishi uliobaki kati yao ni mmoja: kama chukudu liseme “sitaki” au “sipendake”.