Nuru na Uhuru: Kampuni Jana na Leo

Mwenye kubahatika kuiona pesa ya shaba ya mwaka 1888, iliyopigwa kwa jina la Mombasa, na aitazame vizuri. Upande mmoja pana jua lenye taji, na upande wa pili pana mizani. Aliyeitoa hakuwa mfalme wala Sultani. Ilikuwa ni kampuni, Imperial British East Africa Company, na maneno ya nembo yake, tukiyafasiri kwa lugha yetu, yalikuwa "Nuru na Uhuru".

Kampuni ile ilianza kwa karatasi. Mwezi wa Mei 1887, Sayyid Barghash wa Unguja aliwakabidhi wafanya biashara wa Kiingereza mwambao wake, kutoka Umba hata Kipini, kwa muda wa miaka 50, watawale na kukusanya ushuru kwa jina lake. Mwaka uliofuata Malkia Victoria akawapa hati yake. Basi mtu wa Mombasa alilala kwa Sultani akaamka kwa kampuni, wala hapana aliyemwuliza.

Miaka 50 haikutimia. Fedha ziliiishia kampuni, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi. Kampuni ililipwa fidia ya pauni 250,000, na katika hizo pauni 200,000 zilitoka katika mali ya Sultani mwenyewe! Yaani mwenye nyumba alimlipa mpangaji ili ahame, na nyumba asirejeshewe.

Nayakumbusha haya kwa sababu nuru imeteremka tena Mombasa. Mwaka 2009 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zilifika pwani yetu. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kipitacho humo ni mwanga. Kabla ya hapo intaneti ilitujia kwa setilaiti, ghali na kwa kujikokota. Ahadi nayo ilikuwa ile ile ya nuru na uhuru. Tuliambiwa kwamba mshona kofia wa Lamu hatahitaji dalali tena. Atamwuzia mtu wa Maskati moja kwa moja.

Tusiwe watovu wa shukrani, mengi yametimia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mama aliyeko Faza hangoji tena apatikane mwaminifu wa kupanda basi na mashua ndipo afikiwe na fedha za mwanawe aliyeko Mombasa.

Lakini dalali hakuondoka. Amehamia ndani ya simu. Dalali wa zamani alikaa barazani, ukimjua baba yake na mlango wake. Akikupunja, ulimngoja nje ya msikiti mkasemezana. Huyu wa leo hana baraza wala mlango. Apple ilipofungua duka lake la programu mwaka 2008, katika kila dola 10 za mauzo ilichukua 3. Madereva wetu wa teksi za simu walilalamikia makato hata ikatoka kanuni mwaka 2022 kwamba kampuni isikate zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Tena mwenye soko hili ndiye aamuaye bidhaa ya nani iwekwe mbele na ya nani ifichwe nyuma, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mchuuzi sokoni humo humo.

Wala haya si maneno ya wivu wa maskini. Mwezi wa Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington alihukumu kwamba Google ilivunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake, ikiwalipa wengine mabilioni ya dola ili mwenye simu akitafuta jambo alitafute kwake.

Sisi watu wa mwambao jambo hili si geni kwetu. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba iko sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin. Na katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni akikagua mizani. Itazameni hekima yake: kazi yake haikuwa kufunga soko, wala kumfukuza tajiri kwa utajiri wake.

Kenya imeanza. Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya kulinda habari za watu, na mwaka 2021 wakopeshaji wa kwenye simu wakawekwa chini ya Benki Kuu. Lakini sheria iliyolala kabatini haikagui mizani. Yataka watu wa kuisimamia, na wananchi wa kuidai.

Wazee wetu wa 1887 hawakuulizwa, na hawana lawama. Sisi twaulizwa kila siku. Simu hutuletea mkataba mrefu, nasi hatuusomi; twabonyeza "nakubali" tupite. Sultani aliitia sahihi karatasi moja. Sisi twatia sahihi kwa kidole, asubuhi na jioni.

*Nuru imeteremka, yapitia baharini,*
*Tajiri naye kafika, kashika yake mizani,*
*Nasi haki twaitaka, ipimwe petu sokoni,*
*Apimaye peke yake, hakosi kujipimia.*